Mtoto Akiumwa na Kima Msituni

Wakati wa likizo wazazi wengi wa Nairobi huwapeleka watoto katika msitu wa Karura. Wafanya vyema. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kukimbia au kucheza kwa nguvu kwa wastani wa saa moja kila siku, na wengi wao hushinda mbele ya televisheni. Huko wataweza kutembea hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango.

Lakini kuna kima. Akizoea kupewa ndizi, kima hangoji tena kupewa. Hunyakua, na mtoto anayeng'ang'ania mkate wake aweza kuumwa.

Niliwahi kuletewa mtoto siku tatu baada ya kuumwa, kidonda kimepakwa mafuta ya taa. Usifanye hivyo! Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata mtoto akilia. Kisha mpeleke hospitali siku iyo hiyo, daktari aamue kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Mnyama yeyote anyonyeshaye aweza kukiambukiza, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo yafaa kabla ya hapo.

Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa, na mtoto afundishwe kukiachilia kima akikivuta. Mimi niendapo na wangu, hubeba kipande cha sabuni na mtungi wa maji yasiyo ya kunywa.