Mgonjwa wa Moyo Anapoombwa Kujiunga na Majaribio ya Dawa



Yapo maradhi ya moyo kushindwa kazi. Moyo hausimami, bali hudhoofika usiweze kusukuma damu ipasavyo. Miguu ikavimba, pumzi zikabana, na mgonjwa akashindwa kulala chali. Hospitali za huku ugenini huwaomba baadhi ya wagonjwa hao wajiunge na majaribio ya dawa mpya. Majumbani mwetu jibu huwa upesi: mzee wetu si wa kufanyiwa majaribio.

Hofu hiyo twaielewa. Hata hivyo, yafaa tutazame majaribio hayo yamezaa nini.

Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio la DAPA-HF, lililofanyika katika nchi 20 kwa wagonjwa 4,744. Nusu walipewa dapagliflozini, iliyojulikana awali kuwa dawa ya kisukari. Nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Wote waliendelea na tiba zao za kawaida, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepata kipi. Katika muda wa takriban mwaka mmoja na nusu, walifariki watu 116 katika kila 1,000 waliopewa dawa, na 139 katika kila 1,000 wasiopewa. Lakini watu weusi humo hawakufika 5 katika kila 100.

Jaribio la A-HeFT la Marekani liliwahusu weusi peke yao, wapatao 1,050. Mwaka 2004 lilisimamishwa kabla ya wakati, kwani waliopewa hidralazini pamoja na aisosobaidi dinaitreti walifariki 6 tu katika kila 100, na wenzao 10. Lau wote wangekataa, faida hiyo isingejulikana.

Hatusemi kila mtu akubali. Dawa mpya yaweza isifae, hata ikadhuru. Twasema, ulizeni kabla ya kutia sahihi. Madhara yake ni yapi? Tiba ya sasa itaendelea? Vidonge vina jelatini ya nguruwe? Saumu ya Ramadhani itakuwaje? Ombeni mkalimani, msimtwishe mtoto wa shule mzigo huo. Na mgonjwa ana haki ya kukataa, au kujitoa wakati wowote, bila ya kupunguziwa matibabu.

Basi siku hiyo ikifika, tusimjibie mzee. Na aelezwe kwa lugha aifahamuyo, kisha aamue mwenyewe. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.