Chatu wa Kirumi Si wa Kufugwa

Vijana wa Musoma huniuliza kama chatu anafugika nyumbani, maana kwenye simu wanaona watu Ulaya na Marekani wamejivika nyoka shingoni. Nimekulia karibu na daraja la Kirumi, Butiama, ambako mto Mara hutawanyika kwenye mafunjo kabla ya kuingia ziwani. Jibu langu ni hapana.

Yule wa kwenye simu mara nyingi ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Akitishwa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa. Wetu ni mwingine kabisa. Hufikia mita 4 hata 5, hupenda maji, na huweza kuzama akabakiza pua tu juu. Hana sumu, lakini ukimshika huuma upesi, na meno yake yamepinda kuelekea ndani: ukivuta mkono, nyama inachanika. Akitulia usidhani amekuzoea. Huenda ameshiba, au anahisi baridi.

Ila asiitwe katili. Jike huyazungukia mayai yake kwa takriban miezi 3, karibu bila kula, akiyalinda. Mzazi wa namna hiyo mimi namheshimu. Tena chatu wadogo hula panya, na mkulima wa Bunda anajua panya wanavyomaliza mahindi.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata bila kibali. Ukimkuta zizini, ondoa watoto na mbuzi, ita askari wa wanyamapori, na panga uliweke chini.