Kusajili kwa sauti: kisanduku cha nyumba na Kiswahili cha Kindu

Katika somo la pragmatiki tunafundishwa kwamba kusema ni kutenda. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alitoa mfano wa mtu anayeipa meli jina. Mtu huyo hatoi habari, anafanya tendo. Lakini tendo hilo halisimami bila masharti yake: asemaye awe na haki ya kusema, na mahali pawe penyewe. Nimeona kwamba kusajili kisanduku cha nyumba janja kupitia msaidizi wa akili mnemba ni tendo la aina hiyo hiyo. Hapa naeleza linavyofanyika, kisha naonyesha ni wapi Kiswahili chetu cha Maniema kinapokelewa na ni wapi kinaachwa mlangoni.

Kisanduku na ufunguo wake

Kisanduku hiki ndicho kinachounganisha taa, soketi na vitasa vya nyumba na simu ya mwenye nyumba. Hapa Kindu, ambako wengi tunategemea paneli za jua na betri, si lazima kiwe anasa: kinaweza kuzima vitu visivyohitajika usiku kabla betri haijaisha.

Msaidizi wa akili mnemba hakigusi kisanduku chenyewe. Anapewa zana, yaani programu fupi yenye jina, maelezo kwa lugha ya binadamu, na nafasi za kujaza: anwani ya kisanduku kwenye mtandao wa nyumbani, na jina tutakalokiita. Ukisema sentensi yako, msaidizi anachagua zana inayofaa na kuzijaza nafasi hizo kwa maneno yako. Programu inapeleka ombi, na kisanduku kinajibu kwa kutoa ufunguo: mfuatano wa herufi na tarakimu utakaotumika katika kila amri ya baadaye.

Chukua kisanduku cha Philips Hue. Ombi likifika kabla mtu hajabonyeza kitufe kilicho juu yake, jibu ni kosa: kitufe hakijabonyezwa. Ukishabonyeza, una kama sekunde 30 za kupeleka ombi. Hilo ndilo sharti la Austin likiwa limegeuzwa plastiki. Hata sentensi yako iwe fasaha namna gani, haisajili kitu mpaka mkono wa mtu aliyemo nyumbani uthibitishe. Na kwa kuwa mwenye ufunguo ndiye mwenye amri, ufunguo huo haubandikwi ovyo katika mazungumzo; unahifadhiwa na programu.

Kinywa chetu, sikio la jirani

Kabla msaidizi hajaelewa, sauti lazima igeuzwe maandishi. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kutambua sauti mwezi wa nane 2017, kwa alama mbili: sw-KE ya Kenya na sw-TZ ya Tanzania. Kongo haikuwamo. Si kwamba lugha yetu haijulikani: katika orodha ya ISO 639-3, Kiswahili ni lugha kuu yenye alama swa, na chini yake kuna swh, Kiswahili cha pwani, na swc, Kiswahili cha Kongo. Tena Piper, programu huria ya kusomesha maandishi kwa sauti, ina sauti ya Kiswahili yenye alama sw_CD, yaani ya Kongo. Mashine basi inaweza kusema kwa kinywa chetu, huku ikitusikiliza kwa sikio la jirani.

Sentensi tatu

Ya kwanza: « Andikisha hii kisanduku, jina yake ikuwe Salon. » Mtu wa pwani angesema: « Sajili kisanduku hiki, jina lake liwe Sebule. » Upatanisho wa ngeli umebadilika, lakini mzizi wa kitenzi na mpangilio wa maneno vinabeba maana, na msaidizi anayesoma maandishi ana vya kutosha. Hatari iko sikioni: « salon » ya Kifaransa inaweza kuandikwa « saluni », na chumba cha wageni kikawa mahali pa kunyolea.

Ya pili: « Zimisha malampe yote. » Kwetu ma- inaweka wingi hata kwenye neno la mkopo, na zimisha ni zima tu. Anayeshikilia sarufi ya pwani atatafuta humo mtu wa pili anayefanyishwa kazi, na hayumo.

Ya tatu ndiyo nzito: « Fungula mlango. » Pwani wanasema fungua, sisi tumeibakiza l ya zamani, ambayo wao pia wanaitoa wanaposema « mlango umefunguliwa ». Sikio lisilozoea fungula linaweza kuchagua neno la karibu, na mojawapo la karibu ni funga. Kwa taa, kosa ni la kucheka. Kwa kitasa, mama aliyerudi usiku kutoka sokoni anabaki nje kwa sababu ya herufi chache, ama nyumba inalala wazi.

La kufanya

Mambo mawili yanawezekana leo. Programu huria ya Home Assistant inaruhusu kifaa kimoja kiwe na majina mengine ya ziada. Basi taa moja iitwe « taa ya salon » na pia « taa ya sebule », na mzee asilazimike kubadili lugha ndani ya nyumba yake. Na kwa kila amri ya mlango, msaidizi aelekezwe kurudia alichosikia na kungoja jibu kabla ya kutenda.

La tatu ni letu kama kitivo. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza mwaka 2017, hukusanya sauti za watu wanaojitolea, na Kiswahili kimo. Kati yetu kuna wana wa Kasongo, Kibombo, Pangi, Punia, Lubutu, Kailo na Kabambare. Kila mmoja akirekodi, na akaandika pembeni amri hamsini za nyumbani jinsi zinavyosemwa kwao, tutakuwa na orodha ya kwanza ya kazi: fungula na funga zikiwa mbele, zimesemwa na watu wa rika zote.