Miguu Yenye Kuuma na Kinini ya Kolesteroli

Siku moja ya yenga, kisha ibada, papa mumoja wa kanisa letu hapa Kipushi aliniita pembeni. "Pasta, toka majuma mbili mapaja inaniuma sana. Ni hii kinini ya kolesteroli. Nataka kuitupa." Bibi yake akajibu: "Baba, usitupe! Munganga alisema ni juu ya moyo wako."

Wandugu, wote wawili walikuwa na sababu ya kuogopa.

Kolesteroli ni mafuta yenye kuwa ndani ya damu. Mwili unayahitaji, lakini yakizidi yanashikana ndani ya mishipa, na njia ya damu inakuwa nyembamba. Hapo moyo unaweza kusimama, ao mutu anapooza upande mumoja. Dawa za jamii ya statini zinazuia ini kutengeneza mafuta hayo mengi.

Je, zinaweza kuumiza misuli, ni kusema nyama ya mapaja, ya mabega na ya mugongo? Ndiyo. Mwaka 2001 kompani Bayer iliondoa statini yake moja, cerivastatine, kisha watu wengine kufa juu misuli yao iliharibika. Ile haiuzwi tena. Kwa zile zinazobaki, ubaya wa namna ile ni haba sana.

Lakini sikia na hili. Mwaka 2022 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitoa hesabu ya watu zaidi ya 120 000. Kati ya watu 100 waliomeza statini, karibu 27 walilalamika juu ya misuli. Kati ya 100 waliomeza kinini ya bure, yenye haina dawa ndani, walikuwa pia karibu 27! Basi maumivu mengi yana sababu ingine. Hapa kwetu tunazijua: kubeba mizigo, kulima, kazi ya mugodi uliosimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024, na miaka yenyewe.

Maumivu ya dawa mara nyingi inashika pande zote mbili, tena katika majuma ao miezi ya kwanza. Goti moja tu likiuma, tafuta sababu ingine. Hatari inazidi kwa wazee, kwa wagonjwa wa figo, kwa wanywaji wa lutuku, na kwa wenye kuchanganya dawa.

Papa yetu alirudi kwa munganga na mufuko wa dawa zake zote. Ndani mulikuwa klaritromisini, antibiotiki aliyojinunulia sokoni juu ya kikohozi. Hii inazuia mwili kumaliza statini zingine, na zinajaa ndani ya damu. Munganga alipima damu, kipimo wanachoita CPK, akasimamisha dawa kwa siku chache, kisha akaianzisha tena. Leo papa anaimeza bila shida.

Kwa hiyo, papa na mama, usitupe dawa peke yako, na usinyamaze na maumivu. Rudi, useme yote unayomeza. Munganga anaweza kupunguza kipimo ao kubadilisha dawa. Lakini mukojo ukigeuka mweusi kama chai kali, ao miguu ikikosa nguvu kabisa, acha kumeza na uende hopitali siku ile ile. Figo hazingojei kesho.

Na ninyi vijana, leo jioni muulize wazee wenu: kinini zenu ni ngapi, na nani alizitoa?