Saa Sita Hazitenganishi Kitu

"Dokta, nizipishanishe saa ngapi?" Anayeuliza huwa ameshika fluoksetini, dawa ya sonona, mkono mmoja, na tramadoli ya mgongo mkono wa pili. Wengine hawaulizi, wananiarifu tu: hii asubuhi, ile jioni, katikati maziwa ya kukata makali.

Imani hii ina mahali ilipotoka. Siprofloksasini ikimezwa na vidonge vya madini ya chuma hunaswa humo humo tumboni, isifyonzwe vizuri. Hapo kupishanisha saa kadhaa kunasaidia kweli. Watu wameichukua kanuni hiyo wakaivisha kila dawa, kama shati la mtumba.

Fluoksetini na tramadoli hazigombani tumboni. Zinakutana kwenye ubongo, ambako zote mbili huzuia serotonini isirudi ndani ya seli za neva. Ikizidi, mtu anatoka jasho, anatetemeka, misuli inakakamaa, moyo unakwenda mbio, anahara, anapandwa na homa, anaanza kuweweseka. Kwetu hiyo inaitwa malaria kabla damu haijapimwa. Degedege nayo inaweza kumkuta. Na kuna kichekesho kisichochekesha: fluoksetini huziba kimeng'enya cha ini kinachoipa tramadoli sehemu kubwa ya nguvu zake. Mgonjwa haoni nafuu, anajiongezea kidonge!

Sasa hizo saa. Fluoksetini na zao lake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Ndiyo maana anayehamia dawa za sonona za kundi la zamani, zile zinazozuia kimeng'enya cha MAO, husubirishwa wiki 5. Wewe unaniletea saa sita. Maziwa hata sitayajadili.

Haya, ufanyeje? Kwa maumivu, parasetamoli kwa dozi sahihi huwafaa wengi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikiungana na fluoksetini huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni, kwa hiyo uliza kwanza. Una amitriptilini nyumbani? Sema. Umeandikiwa linezolidi ya kifua kikuu sugu, au tamoksifeni ya saratani ya titi? Sema kabla ya kumeza. Dawa ya sonona usiikatishe ghafla kwa woga wa makala hii. Dalili nilizozitaja zikianza, nenda hospitali usiku huo huo, na paketi zote mkononi. "Kile cheupe cha duara" si jina la dawa.