Jasho la Kwapani

Tukizungukia vikundi vyetu vya Thika na Ruiru, twaulizwa pembeni swali ambalo wengi huona haya kulitaja mkutanoni: hii rolon ya dukani inafanya nini hasa?

Jasho lenyewe halina harufu. Harufu huletwa na vijidudu vinavyoishi kwapani na kula lile jasho. Marashi hufunika harufu tu. Dawa ya kuzuia jasho ina chumvi za alumini, nazo huziba kwa muda vijitundu vya jasho. Ipakeni usiku, kwapa likiwa kavu. Ukipaka asubuhi huku ukikimbilia matatu, jasho huiosha kabla haijashika. Shabu, lile jiwe la vinyozi, ni ya jamii hiyo hiyo.

Lakini msipake mwili mzima, ninyi mnaovuna mananasi juani! Jasho ndilo linaloupoza mwili. Kunyweni maji, na shati lifuliwe kila siku.

Jasho la usiku linalolowesha shuka, pamoja na kikohozi kisichokwisha na kukonda, hilo si la rolon. Nendeni hospitali ya serikali mkapimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure.