Bosi kasinzia, dereva kapotea!

UKITAKA kumjua mfanyakazi mwenzako, usimwangalie akiwa ofisini kafunga tai. Panda naye gari la ofisi, safirini kilomita mia sita, halafu mpotee. Hapo ndipo utajua nani ana utu, nani mnafiki na nani alifuata posho tu.

Tusidanganyane, safari ya kikazi ina raha yake. Kuna posho ya kujikimu, kuna nyama choma za njiani, na kuna kupumzika na makelele ya ofisini. Kasheshe huanza pale gari linapoiacha barabara kuu, saa zimekwenda, simu ya mwenyeji haipatikani, na kila aliyemo garini anamtazama dereva kama vile ndiye aliyeihamisha njia.

Leo tuongelee Akheri, washikaji. Hii ni kata ya Wilaya ya Meru, mkoani Arusha, upande wa mlimani jirani na Tengeru, kama kilomita 13 tu kutoka mjini. Kwa mtu aliyekaa Dar na ramani mezani, Arusha na Akheri ni pua na mdomo. Tena kuna mlima mzima wa kukuongoza, Meru, wenye urefu wa meta 4,566. Mtu mzima atapoteaje na alama kubwa kama hiyo?

Anapotea. Na anapotea vizuri tu.

TENGERU IPI, MZEE?

Kosa la kwanza hufanyika ofisini, kabla gari halijawashwa. Barua ya mwaliko inasema "mkutano utafanyika Tengeru", basi. Katibu muhtasi anaandika Tengeru, mhasibu anaandika Tengeru, dereva anaambiwa Tengeru. Hakuna anayeuliza Tengeru ipi.

Kumbe Tengeru ni jina moja lenye milango mingi. Kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, kuna chuo cha mifugo, kuna kituo cha utafiti wa mboga na matunda ambacho wengi hukiita Horti, na kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Hapohapo jirani kuna Patandi na chuo chake cha ualimu, na kuna Ziwa Duluti. Ukisimamisha gari na kuuliza tu "Tengeru ni wapi?", utajibiwa kwa mshangao: "Si ndiyo hapa!" Na aliyekujibu hajakosea.

Akheri nayo ina yake. Wapo wanaoiandika Akheri na wapo wanaoiandika Akeri. Ukiitafuta kwenye simu kwa herufi moja na mwenyeji akakuandikia kwa nyingine, mchecheto unaanza.

Halafu kuna suala la kupitiliza. Ukitokea Moshi unaiacha njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, unapita King'ori, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Makumira, ndipo unaingia Tengeru. Ukipiga soga ukaipita, unajikuta kwenye barabara ya njia nne, ile ya kilomita 14.1 kati ya Tengeru na Sakina. Barabara bab kubwa! Ila ina ukingo katikati, na huwezi kugeuza gari kila unapojisikia. Mpaka upate pa kugeuzia, bosi kaamka na kuuliza, "Mbona tunaiona Arusha?"

Na ukifika Jumatano au Jumamosi, ujue ni siku za soko la Tengeru. Kina mama na ndizi zao, mikokoteni, Hiace na bodaboda, wote wanaitaka barabara hiyohiyo. Ukiwa na mkutano saa tatu, hesabu zako zijumlishe na soko.

MLIMA HAUNA NJIA YA MKATO

Hapa ndipo wageni wengi wanapochemsha, kwa hiyo soma taratibu.

Maji ya Mlima Meru yanateremka kutoka juu kwenda bondeni kwa mito mingi iliyopangana kama vidole vya mkono. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi, na kwenye mgongo huo ndiko kuna nyumba, migomba na kahawa. Barabara za magari nyingi zinafuata migongo hiyo. Zinapanda na kushuka. Za kukatiza bonde kutoka mgongo mmoja kwenda wa pili ni chache mno.

Sasa wewe umepanda mgongo usio wako. Unamwona unayemfuata kwa macho kabisa, ng'ambo ya bonde, pengine hata bati la ofisi yake linameremeta. Kwenye simu kuna kamstari kembamba kanakounganisha pande mbili. Mmoja wenu, aghalabu yule ambaye hajawahi kushika usukani, anasema: "Dereva, kata hapo, tutatokea."

Hamtatokei ng'o! Kamstari kale ni njia ya miguu, ya pikipiki na ya ng'ombe wanaokwenda mtoni. Huko chini mnakuta daraja la magogo mawili, na nyuma yenu kilima mlichoteremka kwa kuteleza. Kugeuza hapafai, kurudi nyuma ni kwa miujiza, na watoto wa jirani wameshajaa kuangalia sinema ya bure.

Dawa yake ni moja, nayo haipendezi: rudi chini mpaka barabara kuu, kisha panda upya kwenye mgongo ulio sahihi. Unaonekana unapoteza muda, lakini ndiyo njia fupi.

'NI HAPO TU'

Kuuliza si ujinga, ila kuna namna ya kuuliza. Kushusha kioo inchi mbili, kiyoyozi kinavuma, na kumpigia mzee ukulele "Ee, Akheri wapi?" ni kutafuta kupotezwa. Simamisha gari. Zima muziki. Shuka. Toa shikamoo yako yote, siyo nusu. Mzee akiitikia marahaba, umeshapata ramani.

Kisha sikiliza lugha yake. "Ni hapo tu" inaweza kuwa hatua mia au kilomita nne, maana anayeongea ni mtu wa miguu na kwake huo si mbali. "Shika mkono wa kula" ni kulia. "Ukifika kwa mangi" ni dukani. "Pale palipokuwa na mti mkubwa" maana yake mti haupo tena, kwa hiyo usiutafute.

Usiulize swali la kujibiwa ndiyo. Ukisema "Hii njia inakwenda Akheri, siyo?" mtu mstaarabu anaweza kukubali ili asikuvunje moyo. Uliza "Njia ya kwenda Akheri ni ipi?" Halafu muulize mtu wa pili mbele kidogo. Majibu yakilingana, songa. Yakitofautiana, tafuta ofisi ya kijiji au kijiwe cha bodaboda. Vijana wa bodaboda wanazijua njia kuliko simu yako, na ukimlipa mmoja atangulie mbele, utakuwa umeokoa mafuta na heshima.

MATOPE HAYAJUI CHEO

Mlima Meru ni volkano, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Udongo wa aina hiyo unazaa migomba na kahawa kama umeambiwa. Lakini mvua za masika, kati ya Machi na Mei, zikishaushika, njia ya mteremko inakuwa kama sabuni. Kiangazi nacho vumbi lake linakuingia mpaka kwenye barua ya mwaliko.

Shangingi halisaidii kama aliyelishika halijui. Wapo wanaosubiri gari lizame ndipo wakumbuke kuwa matairi yote manne yanaweza kuvuta. Hapo mguu unakandamiza mafuta, matairi yanazunguka palepale, na gari linajichimbia kaburi. Ukishaona halisogei, acha. Shuka, chimbua matope, weka mawe au matawi makavu chini ya matairi, punguza watu na mizigo, kisha ondoka taratibu kwa gia ndogo.

Ndani ya gari kuwe na jeki inayofanya kazi, spana ya magurudumu, tairi la akiba lenye upepo, kamba ya kuvutia, koleo, tochi na pembetatu za tahadhari. Ukaguzi huo ni wa dakika kumi, na ufanyike ofisini. Ukifanyika porini unaitwa majuto.

Vijana wakitoka migombani kuja kusukuma, patana nao kabla ya kazi. Kusukuma gari la tani mbili kwenye matope ni kibarua, si hisani. Kuwapa shukrani za mdomo huku una masurufu mfukoni ni soo. Na wewe afisa mwenye viatu vya ngozi, shuka usukume. Matope hayajui cheo.

KITI CHA MBELE NI CHA KAZI

Kuna watu walioifanya safari ya barabarani kuwa sanaa. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, magari yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa vumbi na matope hayahaya. Mmoja wa mabingwa wake wakubwa, Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Lakini hakushinda peke yake. Pembeni yake alikaa msoma njia, na katika ile minne ya mfululizo alikuwa Mike Doughty. Kazi yake ilikuwa kumwambia dereva kilichoko mbele kabla hakijafika: kona, daraja, shimo, njia panda. Dereva ashike usukani, mwenzake ashike njia.

Sasa angalia gari la ofisi. Kiti hichohicho cha mbele anakaa bosi, na kabla ya Chalinze kashapiga usingizi. Dereva anaendesha, anasoma vibao, anapokea simu ya mwenyeji na kupambana na usingizi wake mwenyewe. Akikosea njia panda moja, gari zima linaamka kumlaumu. Huyo hakupotea peke yake. Mlipotea wote, isipokuwa yeye alikuwa macho.

SAA MOJA ILIYOPOTEA

Mpaka hapa tumecheka. Sasa tuongee kiutu uzima.

Kupotea hakuui. Umekosa njia, umezunguka mgongo mbaya, umechelewa saa moja. Utaomba radhi na kikao kitaendelea. Kinachoua ni kule kutaka kuirudisha saa hiyo. Mkutano ulioanza kwa kuchelewa unaisha kwa kuchelewa. Saa kumi na moja jioni bosi anatoka, kashiba pilau, anaingia garini na kusema: "Dereva, leo tulale Dar."

Dereva huyo kaamka saa tisa za usiku. Wakati wa kikao alikuwa garini. Chakula alipata kilichobaki, na posho yake ndiyo ndogo kuliko za wote. Atabisha? Kazi anaitaka. Anasema "sawa mzee", na hapo roho za watu watano zimeingia kwenye kamari. Vibao vya 50 vijijini anaviona kama kero, anayapita malori kwenye kona, na mbele kuna zaidi ya kilomita mia sita za giza.

Mkoa wa Arusha unaijua gharama ya barabara. Mei 6, 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent lilitumbukia kwenye korongo la Mto Marera, Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa majaribio. Februari 24, 2024, huko Ngaramtoni, lori lililoelezwa kufeli breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafa, wakiwemo wageni kutoka nchi mbalimbali. Kila ajali ina sababu zake na hatutamhukumu marehemu. Ila zote mbili zinatukumbusha kwamba hata ukiendesha vizuri, barabara ina wengine, ina mvua na ina miteremko. Ukiongeza na uchovu wako, umebakiza nini?

KABLA HUJAWASHA GARI

Kwa hiyo, wewe unayepanga safari, andika jina la mahali kamili: kata, kijiji, jengo na alama ya karibu. Pata namba za wenyeji wawili, siyo mmoja. Fika Arusha jana yake. Weka hela ya kulala usiku wa pili kwenye bajeti tangu mwanzo, maana chumba cha gesti ni rahisi kuliko jeneza.

Wewe unayekaa kiti cha mbele, shika simu, soma vibao, shuka uulize. Ukitaka kulala, hamia nyuma.

Na wewe dereva, siku ukiambiwa "leo tulale Dar" na macho yako yanakataa, sema hapana. Sema kwa heshima, sema mbele ya wote, na ufunguo uweke mfukoni. Bosi atanuna mpaka asubuhi. Mwache anune, mtu anayenuna bado anapumua.

Safari njema.